Wafu Wetu Tuwahesabu Wenyewe

(Maelezo yaliyotolewa katika bwalo la shule, kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia aliniomba niseme juu ya uzalendo, tena kwa dakika ishirini. Nimekwisha kuhudhuria mikutano mingi maishani, na nimeona kwamba mtu akisimama kuusifu uzalendo kwa jumla, wasikilizaji humpigia makofi na kusinzia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, nitaliacha lile neno pana nishike jambo moja tu, ambalo nadaiwa jibu lake na mwanafunzi mmoja wa shule hii.

Muhula uliopita nilialikwa kusikiliza mdahalo wenu. Katika mabishano ilitajwa siku ile ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa Dar es Salaam, na kijana wa kidato cha tatu akasimama akasema hivi, kwa adabu kabisa: ubalozi ulikuwa wa Wamarekani, walioulipua walikuwa maadui wa Wamarekani, je, sisi tunakumbuka msiba wa watu wengine kwa sababu gani? Akashangiliwa sana. Kengele ikalia, nami sikupata nafasi ya kumjibu. Yupo hapa leo, nimemwona. Swali lako, mwanangu, si la kijinga hata kidogo. Wapo wakubwa wanaolificha moyoni wasilitamke.

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na watu maofisini walikuwa wakifanya kazi kwa ule mwendo wa siku inayofuatwa na mapumziko. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha uchapaji, nimepanga vyumba viwili Kinondoni, na juma lile nilikuwa zamu ya mchana. Nilikuwa nyumbani basi. Saa nne na dakika 39 asubuhi ukasikika mshindo, mabati yakatikisika, kuku wakatawanyika. Mmoja akasema transfoma ya umeme imepasuka, mwingine akasema ni mitungi ya gesi. Kisha tukaona moshi upande wa Oysterbay. Baadaye redio ikasema kwamba Nairobi nako, karibu dakika zile zile, ubalozi wa Marekani umelipuliwa, na huko waliokufa ni wengi mno.

Sasa nyinyi vijana wa leo, ambao Oysterbay mnaijua kwa maduka yake makubwa, lazima niwaeleze jinsi Kinondoni na Oysterbay zilivyokaa. Zinatenganishwa na barabara moja tu, hiyo ya kwenda Bagamoyo ambayo kipande chake kinaitwa Ali Hassan Mwinyi. Upande mmoja uzunguni tangu wakoloni, nyumba zenye bustani na mageti. Upande wa pili sisi, nyumba za vyumba sita na choo kimoja. Kila asubuhi watu wetu huvuka barabara kwenda kupika, kufua, kukata majani, kuendesha magari, kupiga taipu, kulinda mageti. Jioni huvuka tena kurudi. Wapo watu wa Kinondoni na Mwananyamala waliosomesha watoto mpaka Chuo Kikuu kwa fedha ya kulinda geti la mtu mwingine.

Kwa hiyo ule moshi ulipoonekana, mtaani kwetu sikusikia mtu yeyote akiuliza Wamarekani wamepatwa na nini. Swali lilikuwa: fulani leo ameingia zamu gani? Wanawake walitoka wakasimama kando ya barabara na khanga mabegani. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri, na ile ya mezani ilikuwa moja kwenye duka la kona, wala hukujua upige wapi. Mtu alisubiri tu mpaka amwone wake anakuja kwa miguu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mlinzi katika nyumba moja huko huko Oysterbay, si mbali sana na Barabara ya Laibon ulipokuwa ubalozi. Saa sita hakuja. Saa nane hakuja. Mkewe aliacha kuzungumza kabisa, akawa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nikaenda kazini na roho nzito, na niliporudi usiku nikamkuta yule bwana amekaa kibarazani anakula, nywele zina vumbi. Mkewe alikuwa amemgombeza mpaka amechoka. Nami nikamwuliza, bwana wewe, hata kama madirisha yote yamevunjika na wenye nyumba wamekimbia, mbona hukuja japo kuonyesha uso? Akanijibu kwamba wa kumpokea zamu alikuwa hajafika. Akaendelea na ugali wake.

Waliouawa Dar es Salaam siku ile ni watu 11. Waliojeruhiwa ni zaidi ya 80. Nataka mlisikie hili vizuri: katika wale 11 hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwa Waafrika, watu wa kazi, na baadhi yao walikuwa walinzi wa hapo getini. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Ukijumlisha miji miwili unapata wafu 224, na zaidi ya 200 ni watu wa Afrika Mashariki. Bomu liliandikiwa anwani ya Washington, lakini aliyelipokea ni huyu aliyevuka barabara asubuhi na chakula chake ndani ya kopo.

Na ingeweza kuwa mbaya zaidi. Gari lililobeba bomu lilipofika getini lilikuta boza la maji, likashindwa kupita na kuingia ndani. Lile boza lilipokea sehemu kubwa ya kishindo. Nyinyi nyote hapa mnayajua maboza, kwa sababu hakuna mtaa wa Dar es Salaam usioyajua; mabomba yakikauka tunanunua maji ya boza. Watu wengi waliokuwa ndani ya jengo lile, Wamarekani kwa Watanzania, wako hai leo kwa sababu mji wetu ulikuwa na shida ya maji. Nimeshindwa kuamua kama hilo ni jambo la kucheka au la kulia.

Niseme sasa jambo lisilopendeza. Baada ya ile Ijumaa tulijituliza kwa kusema kwamba waliofanya ni wageni, watu wa mbali. Wakubwa wao walikuwa wageni kweli. Lakini bomu lenyewe lilitengenezwa hapa hapa mjini, katika nyumba ya kupanga Ilala, na miongoni mwa waliohukumiwa New York kwa mkasa huu wawili ni wenzetu, wazaliwa wa Zanzibar. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001. Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011; na ili nimtendee haki, naongeza kwamba katika mashitaka zaidi ya 280 baraza la mahakama lilimwona na hatia katika shitaka moja tu.

Hawa walikula samaki na wali wa nazi kama sisi, walisema Kiswahili kizuri kuliko changu. Ndiyo maana mimi simwamini mtu anayeniambia kwamba uzalendo umo katika damu. Damu ilikuwa ile ile. Mmoja alipanga nyumba Ilala ili auwe asiyemjua, na mwingine alikaa getini Oysterbay akimngoja wa kumpokea zamu.

Siku zile, kwa bahati mbaya, walizuka watu mjini waliotaka kila mwenye kanzu na ndevu ajieleze. Mtaani kwetu jambo hilo halikufika mbali, na sababu ni ya kawaida sana: waliokuwa wamesimama kando ya barabara wakiwasubiri watu wao walikuwa Waislamu na Wakristo, na khanga zilikuwa zile zile. Yule jirani yangu mlinzi alikuwa Mwislamu. Mwenye duka la simu, aliyewaacha wanawake wapige bila kulipa siku nzima, alikuwa Mkatoliki kutoka Kilimanjaro, mtu ambaye siku nyingine asingekusamehe hata shilingi kumi.

Turudi kwenye swali la kijana wetu. Msiba huu ni wa nani? Nitampa hesabu, kwa kuwa hesabu haina maneno mengi. Mwaka 2020 nchi ya Sudan, ambayo mahakama za Marekani ziliona kwamba iliwahi kuwasaidia wale wauaji, ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya walioumizwa na shambulio hili na mengine. Katika mapatano yale, fungu walilopangiwa jamaa za watumishi wa ubalozi waliokuwa raia wa Marekani lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la watumishi wenyeji. Bomu siku moja, kazi chini ya bendera moja, na fungu mbalimbali.

Sikulitaja hili ili mtoke hapa mkiwachukia Wamarekani. Serikali yoyote huanza kuwahesabu watu wake, na laiti zote zingefanya hivyo kwa bidii. Swali langu linatugeukia sisi. Wao wamewahesabu wao. Je, sisi wetu tumewahesabu? Nani katika bwalo hili, mkubwa au mdogo, anayeweza kunitajia majina matatu tu kati ya wale 11? Sihitaji mikono. Nimekwisha kuiuliza hadhara nyingine swali hili na najua kimya chake.

Nairobi, mahali palipokuwa ubalozi pamefanywa bustani ya kumbukumbu, na majina ya wafu yameandikwa ukutani. Mpita njia anaketi kula mahindi ya kuchoma na kuyasoma. Kwetu upo ukumbusho katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ni jambo jema, lakini mtu huingia Makumbusho akiwa amenuia, na watu wa Tandika na Mwananyamala hunuia mambo mengine kwanza, kama vile kupata nauli.

Msidhani naomba sikukuu. Tunayo Siku ya Karume tarehe 7 Aprili, tunayo Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, tunayo Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, na najua fika kwamba vijana hawa wangepiga kura zote mbili mikono juu kwa sikukuu yoyote ile, kisha wakalala mpaka saa tano. Wenzangu wa darasa la mwaka 1974 waliokwenda vita vya Uganda mwaka 1978 na 1979 wanayo siku yao na wanayo makaburi yao kule Kaboya, mkoani Kagera. Wanastahili. Askari aliyekufa vitani ni rahisi kumkumbuka, kwa sababu alikwenda akijua anakwenda wapi na taifa zima lilimwona akiondoka. Mlinzi wa geti aliondoka nyumbani alfajiri na hakuna aliyemwona.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mtu mmoja katika kamati aliposoma maelezo haya aliniambia kwamba nimechagua msiba mwepesi, maana una adui. Alisema kweli. Kwa hiyo tuvuke mji tuje huku Temeke.

Mwaka 2009 nilikuwa nimekwisha kuhamia Mtoni. Tarehe 29 Aprili, Jumatano, mabomu yalianza kulipuka katika ghala la silaha la Jeshi letu pale Mbagala. Tangu kabla ya adhuhuri yaliendelea kuruka na kuanguka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia waliumia, nyumba nyingi zilibomoka. Barabara ya Kilwa ilijaa watu wakija upande wa mjini kwa miguu: mwenye godoro, mwenye mbuzi, mwenye kiatu kimoja. Watoto walikuwa shuleni. Walimu walipowaachia wakimbie, kila mtoto alikimbilia alikojua, na wengine hawakujua.

Mmoja aliishia mlangoni kwangu. Msichana wa miaka saba hivi, sare ya shule, daftari moja mkononi. Alijua jina lake, alijua jina la mwalimu wake, na alijua kwamba kwao kuna mwembe. Mbagala yote ina miembe. Marehemu mke wangu alimwogesha akampa chakula, na mtoto akakataa kuliachia lile daftari hata usingizini. Asubuhi nilimchukua mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee wa miaka sabini wakati ule, tukaenda na mtoto mwembe kwa mwembe. Yule mzee hakulipwa na mtu. Alikuwa na orodha yake ameiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha, watoto walioonekana mtaani kwake na nyumba walizolala, na kila tulipokutana na mjumbe mwingine walisimama wakasomeana orodha. Kwa njia hiyo, saa kumi jioni, tulimpata mama. Sitawaeleza alivyolia.

Hapa hapakuwa na adui. Yalikuwa mabomu yetu, yamenunuliwa kwa kodi yetu, yamehifadhiwa na vijana wetu. Na nilisikia aina mbili za mazungumzo. Wapo waliosema tunyamaze, kwa sababu mtu anayelihoji Jeshi si mzalendo. Wapo waliolitukana Jeshi zima tangu jemadari hadi mpishi. Mimi hawa wote wawili niliwaona wavivu. Nalipenda Jeshi lile. Nina rafiki aliyeacha mguu Uganda. Lakini mtu akiipenda nyumba yake, moto ukiwaka jikoni atauliza nani aliweka kuni karibu na mafuta, na atauliza tena kesho mpaka aambiwe.

Tuliuliza kwa muda, kisha mvua zikaja, bei ya unga ikapanda, tukaacha. Tarehe 16 Februari 2011, usiku, ghala la Gongo la Mboto likalipuka. Zaidi ya watu 20 tena. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru wakalala pale na watoto wao, na orodha za watoto waliopotea zikaanza upya kuandikwa, safari hii na watu ambao hawakuwahi kusikia habari ya bahasha ya yule mzee wangu. Miaka haikutimia hata miwili. Katika zile siku nilijiuliza sana maana ya kukumbuka, na mpaka leo nikisikia neno hilo siwazi mashada ya maua, nawaza ile miezi ishirini na moja kati ya Mbagala na Gongo la Mboto.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nije kwenye ombi lenyewe. Kamati yetu imekubaliana na mwalimu wa Historia kwamba kuanzia muhula huu wanafunzi wa kidato cha tatu watakwenda majumbani kwao na kwa majirani wakiandika habari kutoka vinywani mwa waliokuwapo: 1998 kwa wanaokaa Kinondoni, 2009 kwa wa Mbagala, na 2011 kwa wanaotoka upande wa Gongo la Mboto. Mtaandika jina la msemaji akikubali, kazi aliyokuwa akifanya, alikuwa wapi saa ile, nani hakurudi nyumbani. Msipambe. Mzee akikwambia alikuwa chooni, andika chooni. Mkikuta watu wawili wanapingana juu ya jambo moja, andikeni wote wawili na msiwapatanishe. Kundi moja litapelekwa Makumbusho likachukue majina ya wale 11 kwa usahihi wa herufi, na yatasomwa mstarini kila tarehe 7 Agosti shule ikiwa imefunguliwa, na kama imefungwa, siku ya kwanza ya kufungua.

Wanafunzi wa zamani tumechanga daftari kubwa 60 zenye majalada magumu, na kabati moja lenye kufuli litakalokaa maktaba. Nauli ya wale watakaokwenda Makumbusho bado inapungua, na Ndugu Mweka Hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Hamwezi kwenda kwenye pilau bila kumpita. Na wewe, kijana uliyeuliza lile swali, mwalimu wako amekubali kwamba daftari namba moja lipewe wewe. Yule jirani yangu mlinzi bado yu hai, anakaa Kinondoni, haoni vizuri lakini anazungumza sana. Nimemwambia utakwenda Jumamosi. Nenda asubuhi, baada ya chai, na usiende mikono mitupu, anapenda tangawizi.